Uliza Ujibiwe: Hatua ya kwanza huku, hatua ya tatu kule

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: saratani ya matiti inayogunduliwa ikiwa bado changa, na kwa nini idadi yake hupanda sehemu moja na kushuka nyingine. Tumechagua sita. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Nasikia wanaougua sana saratani ya matiti ni wanawake wa Ulaya na Marekani, sisi kidogo tu. Sasa mbona misiba ya ugonjwa huo haiishi mtaani kwetu? — Msomaji, Tabata

Yote mawili ni kweli, mama. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa mwanamke 1 kati ya 12 huja kuambiwa ana saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 hufa nayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini kabisa huambiwa 1 kati ya 27, lakini hufa 1 kati ya 48. Gawa mwenyewe uone: kule katika kila wagonjwa sita hufa mmoja hivi, huku hufa zaidi ya nusu yao.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na hatua ambayo ugonjwa unakutwa nayo. Hatua ya kwanza ni uvimbe usiozidi sentimita 2, tuseme punje kubwa ya harage. Ya pili ni kuanzia hapo hadi kama sentimita 5, au uvimbe mdogo ambao tayari umegusa tezi chache za kwapani. Ya tatu umeshika tezi nyingi, ngozi au ukuta wa kifua. Ya nne umefika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Tathmini ya huduma za matiti iliyofanywa hapa Tanzania mwaka 2017 ilikuta takribani asilimia 80 ya wagonjwa wanagunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba angalau asilimia 60 wakutwe katika hatua ya kwanza na ya pili. Yaani tunatakiwa kuigeuza hesabu yetu juu chini.

Naandika tasnifu. Nikikuta mkoa mmoja una asilimia 40 ya wagonjwa wa hatua za mwanzo na mwingine una 20, naweza kusema wa kwanza unafanya kazi nzuri mara mbili? — Mwanafunzi, Ubungo

Usiseme hivyo bado. Swali lako ndilo lenye mitego mingi kuliko yote tuliyopokea, kwa hiyo tutakaa nalo.

Tenganisha kwanza kiwango na asilimia. Kiwango ni wagonjwa wapya wa hatua za mwanzo kwa kila wanawake 100,000 wa mkoa huo. Asilimia ni sehemu yao kati ya wagonjwa wote waliogunduliwa. Hivi viwili vinaweza kwenda njia tofauti kabisa. Chukua mfano wa kubuni: mkoa una wagonjwa 100 kwa mwaka, 20 wa mwanzo na 80 wa mwisho. Inaletwa mashine ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, wanawake wasio na dalili wanapimwa, wanapatikana wagonjwa 40 zaidi, wote wa mwanzo. Sasa ni 60 kati ya 140, karibu asilimia 43. Ripoti itapigiwa makofi. Lakini wale 80 wako palepale! Ndiyo maana kabla ya kusifia mkoa ni lazima uangalie kiwango cha hatua ya tatu na ya nne, kama kimeshuka. Tena kati ya hao 40 watakuwemo wenye hatua sifuri, ambayo ni chembe za saratani ambazo bado hazijatoka nje ya mirija ya maziwa, na wenye uvimbe unaokua polepole kiasi kwamba pengine usingewasumbua hadi uzeeni. Marekani na Uingereza wamekuwa na mjadala huo tangu upimaji wa wengi uanze. Uingereza huita wanawake wa miaka 50 hadi 71 kila miaka mitatu. Marekani, ushauri wa mwaka 2024 ni miaka 40 hadi 74, kila miaka miwili. Ukilinganisha viwango vya nchi hizo na vyetu, kumbuka kwamba sehemu ya hatua zao za mwanzo imeletwa na mashine. Wenye uvimbe waliougusa wenyewe ni hesabu nyingine.

Mtego wa pili ni mafaili yasiyo na hatua. Mgonjwa anafika, anatolewa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara), harudi. Kwenye rejesta panaandikwa "haijulikani". Tuseme kati ya 100 una 20 wa mwanzo, 50 wa mwisho na 30 wasiojulikana. Ukigawa kwa wote unapata asilimia 20, ukiwatupa wasiojulikana unapata 29. Mikoa miwili inaweza kutofautiana kwa njia ya kugawa tu. Sema wazi umegawa kwa nini.

Wa tatu huwapita hata wazoefu. Hospitali yenye eksirei ya kifua na ultrasaundi ya tumbo pekee haitaona doa dogo la mfupani. Itaandika hatua ya pili. Mgonjwa huyohuyo akipita kwenye CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili) na kipimo cha mifupa angeandikwa hatua ya nne. Kwa hiyo hospitali yenye vifaa duni inaweza kuonekana ina wagonjwa wa mapema wengi kuliko ile yenye vifaa kamili, na wagonjwa wake "wa mapema" wanakufa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Ukiona asilimia nzuri na uhai mbaya mahali pamoja, anza uchunguzi wako hapo.

Halafu idadi ndogo. Mkoa wenye wagonjwa 8, mmoja akihama hatua umesogeza asilimia 12 na nusu. Unganisha miaka mitatu au mitano. Na umri: wilaya ambayo vijana wake wamehamia mjini imebaki na wanawake wazee, hivyo viwango vyake lazima visawazishwe kwa umri kabla ya kulinganishwa na Dar es Salaam.

Mama mkwe tumemleta kutoka Newala, ana uvimbe wa titi. Dirishani tukaandikisha anwani yetu ya Kimara ili mambo yaende haraka. Kuna ubaya? — Mkwe mtu, Kimara

Matibabu hayaharibiki, ila takwimu zinaharibika. Rejesta ya saratani huhesabu mtu kwa makazi yake ya kawaida. Mahali anapolala akitibiwa hapaingii. Ukiandika Kimara, Dar inaongezewa mgonjwa aliyechelewa na Newala inaonekana haina mgonjwa. Anayepanga bajeti ya ultrasaundi Mtwara atatazama sufuri hiyo. Rudini dirishani mkamwandikishe kijiji, wilaya na mkoa wake, na namba ya simu iwe yenu, kwa sababu ninyi ndio mtakaopigiwa majibu yakitoka. Kama gharama zinawalemea, ulizeni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla bili haijapanda.

Nina miaka 34, nanyonyesha mtoto wa miezi saba. Nimegusa kinundu titi la kushoto, upande wa kwapani. Dukani wamenipa dawa, wanasema maziwa yameganda. Ni wiki ya tano sasa. — Dada wa Mbagala

Dada, wiki tano ni nyingi. Maziwa yaliyoganda au maambukizi ya titi huja na maumivu, wekundu na mara nyingi homa, na yakitibiwa vizuri huanza kupungua ndani ya siku chache. Kinundu ambacho kipo baada ya wiki mbili za dawa kinahitaji kupimwa, hata kama hakiumi. Tena saratani nyingi za titi haziumi mwanzoni, na kutouma huku ndiko kunakowachelewesha wengi.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa umenyonyesha muda huohuo, titi likiwa tupu, na useme neno "kinundu" na tarehe uliyokigusa. Omba rufaa ya maandishi kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa upande wako ni Temeke. Vipimo ni vitatu, na havitoshi kimoja kimoja: mkono wa mtaalamu kwenye matiti yote mawili na makwapa, picha, na kinyama. Kwa umri wako na kwa titi lenye maziwa, picha ya kwanza ni ultrasaundi. Mamografia hutegemewa zaidi baada ya miaka 40, kwa sababu titi la kijana ni zito na uvimbe hujificha humo.

Kwenye kinyama ndipo mambo huharibika, kwa hiyo tega sikio. Sindano nyembamba ya kufyonza hutoa chembe tu. Inaweza kusema kuna saratani, lakini haisemi kama imevunja ukuta wa mirija. Uliza kama unaweza kufanyiwa kwa sindano nene: unachomwa ganzi, vinatolewa vipande kadhaa vyembamba kama njiti ya kiberiti. Vipande viingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, dawa iwe angalau mara kumi ya kinyama, na vikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi au kwenye dawa kiduchu kinaoza, na kipimo cha homoni na cha HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani kukua) kinaweza kutoa jibu la uongo. Jibu hilo ndilo linaloamua dawa utakazopewa kwa miaka. Soma lebo kwenye kichupa mwenyewe: jina lako kamili, namba ya faili, titi la kushoto. Chukua jina la maabara na namba yake, maana bahasha nyingi za majibu hukaa kwenye droo zikiwasubiri wenyewe.

Mtu akikwambia "ukichomwa sindano saratani inasambaa", mwache na maneno yake. Na usikubali uvimbe ukatwe wote kwanza kabla ya kujulikana ni nini, hasa mahali ambapo nyama haipelekwi maabara. Ukikutwa ni saratani, daktari anayefuata hatajua uvimbe ulikuwa sentimita ngapi wala kama kingo zake zilikuwa safi.

Kuanzia siku utakayomwona mhudumu wa kwanza, hesabu siku 60. Ndani yake majibu yote yanatakiwa yawe yametoka. Siku ya 30 ikifika huna tarehe ya kinyama, rudi ukaulize. Kuendelea kunyonyesha hakuna shida. Tundu la sindano linaweza kuvuja maziwa siku chache.

Nina miaka 28. Nijipime kila mwezi au nisubiri mamografia? — Msomaji, Kigamboni

Tukueleze bila kukupamba. Shanghai walifundisha kujipima kwa wanawake wa viwanda vya nguo katika utafiti wa wanawake zaidi ya 266,000, wakawafuatilia kwa miaka kumi hivi. Vifo vilikuwa sawa na vya wale wasiofundishwa, na waliofundishwa walikatwa vinundu visivyo na madhara mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kujipima peke yake kusiuzwe kama kinga. Lakini kulijua titi lako, jinsi lilivyo kila mwezi, ni kitu kingine, na kwa umri wako ndicho ulicho nacho. Siku ya 7 hadi 10 tangu hedhi ianze matiti huwa laini. Simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, kisha juu, kisha kiunoni ukikaza kifua. Tafuta chuchu iliyoingia ndani ghafla, shimo, au ngozi kama ganda la chungwa. Halafu lala chali, ukande kwa nyama ya vidole vitatu vya katikati, kwa mistari ya juu na chini kutoka mtulinga hadi mstari wa sidiria, pamoja na kwapa.

Kinacholeta matumaini kwa mikoa isiyo na mashine ni Mumbai. Wahudumu wa afya waliofundishwa walipapasa matiti ya wanawake wa miaka 35 hadi 64 kila miaka miwili. Kati ya waliokutwa na saratani, wa hatua ya tatu au ya nne walikuwa asilimia 37, dhidi ya 47 kwa wasiopimwa, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu asilimia 30. Mkono uliofundishwa, mashine hakuna. Tunaona hapo ndipo pa kuanzia fedha, kabla ya mamografia isiyo na msomaji wa picha.

Je, ni kweli kunyonyesha kunakinga? Mbona bibi zetu hawakuwa na ugonjwa huu? — Msomaji, Mwananyamala

Kunapunguza, hakuzuii. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliotolewa mwaka 2002, ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi kwa asilimia 7, juu ya hiyo ya kunyonyesha. Bibi mwenye watoto saba, kila mmoja kanyonya miaka miwili, alikuwa na hatari ndogo kweli. Mjukuu wake wa Mwananyamala mwenye watoto wawili, aliyerudi kazini mapema, amerudisha sehemu ya hatari hiyo, na hii ni sababu moja ya miji kuwa na kiwango kikubwa kuliko vijiji. Ila kuhusu kwamba bibi hawakuwa nao, tunakushauri uulize tena nyumbani. Jipu la titi lisilopona, lililofungwa majani mpaka mwisho, wengi wanalikumbuka.