Saiti ilikuwa petroli stesheni, bosi anataka ripoti safi

Mwezi huu barua za kazi za mazingira zimekuwa nyingi, na kwa vile hiyo ndiyo kazi nimefanya Nairobi miaka mingi, nimeachiwa safu nijibu. Nimechagua tatu.

SWALI: Habari zenu. Mimi ni dada wa miaka 26, nafanya na konsalta mmoja hapa tao kama mtaalamu mshirika, leseni ya NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, nimeipata juzi juzi tu. Tumepewa ploti huku Eastlands, zamani ilikuwa petroli stesheni, ikafungwa ikageuka gereji, saa hii mwenyewe anataka kujenga fleti za ghorofa nane. Bosi ameniambia nichukue sampuli tatu za udongo karibu na geti basi, nisijisumbue na kule nyuma kwa tenki juu kulimwagwa zege. Nikimuuliza anasema klaienti anataka ripoti Ijumaa na benki pia inangoja. Nifanye nini? Naogopa kufutwa lakini pia silali. (Dada wa Saiti, Donholm)

JIBU: Dada yangu, pole, na hiyo kukosa usingizi ni kwa sababu unajua kazi yako. Sampuli tatu za geti zitakuambia habari za geti. Petroli stesheni inavuja chini ya tenki, kwenye paipu zinazoenda kwa pampu, na pale lori lilikuwa linashushia mafuta, huko ndiko kwa kutafuta. Zile tenki za zamani ni chuma cha ukuta mmoja, zinashika kutu polepole, zinadondosha tone kwa tone miaka na miaka na mwenye stesheni akiona hesabu haikubali anashuku vijana wa pampu wanamwibia.

Halafu kumbuka udongo wa Eastlands ni ule mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba unajifunga, kiangazi unapasuka nyufa hata mkono unaingia, na mafuta yakipata ufa yanashuka chini haraka. Ndiyo maana unaweza kuchimba hapa ukapata udongo safi kabisa, usonge hatua moja ukutane na udongo wa kijivu unaonuka hadi kichwa kinauma. Na hilo zege halijasafisha kitu, limefunika tu. Mvuke wa petroli unatafuta njia pembeni, unafuata mitaro ya paipu, unaingia kwa vyumba vya chini, na ndani ya huo mvuke kuna benzeni ambayo inaleta saratani ya damu. Kama stesheni ilikuwa inauza kabla ya 2006 basi hata petroli yenyewe ilikuwa na madini ya risasi, na gereji iliyokuja baadaye imeongeza oili chafu na maji ya betri. Kwa hivyo omba maabara wapime hizi zote, usiombe ya bei rahisi peke yake.

Kabla hata ya kuchimba, ongea na watu. Hii nakuambia kwa sababu iliniumbua mimi mwenyewe. Kuna ploti moja nilikagua upande wa Industrial Area, nikazunguka nusu siku na ramani na picha za zamani za kutoka angani, nikapanga mashimo yangu vizuri sana, kumbe mama aliyekuwa anauza githeri nje ya ukuta ndiye alikuwa na habari yote. Nilienda kununua chakula tu. Akaniuliza tunachimba nini, nikamwambia, akasema "mbona hamchimbi pale kwa mti, si hapo ndipo walikuwa wanamwaga asidi ya betri kila jioni". Mti wenyewe ulikuwa umekauka upande mmoja. Tuliposhusha oga, ile keekee ya kuchimbia udongo, pale, majibu ya risasi yalirudi juu sana kuliko shimo lingine lolote, na hilo shimo halikuwa kwa mpango wangu. Tangu siku hiyo naanza na soja wa geti, keyateka wa jirani, na mzee yeyote amekaa hapo miaka mingi.

Sasa kwa bosi. Usimwendee na vita, mwendee na kazi. Mwambie mashine ya kutoboa zege ni kazi ya asubuhi moja, unahitaji mashimo kwa pembe za tenki na kwenye laini ya paipu. Mwambie pia klaienti ndiye ataumia, juu udongo mchafu ukitolewa saa hii kabla ya msingi unabebwa na lori lenye leseni ya taka hatari unaenda, lakini ghorofa nane zikishasimama hapo juu utapitia wapi? Na hiyo benki inayongoja, ploti ndiyo dhamana yake, ikigundulika baadaye chini kuna mafuta hakuna mtu atainunua.

Akikataa, mwandikie kwa imeili, kwa heshima, sentensi mbili tatu, useme umependekeza nini na yeye amesema nini. Kwenye ripoti andika wazi kwamba eneo la tenki halikufikiwa na hakuna sampuli iliyotoka hapo. "Hatukupata uchafu" na "hatukuangalia" hayaandikwi kwa neno moja. Wakifuta hiyo sentensi, wewe usiweke jina lako. Sheria yetu ya mazingira ya 1999, ile EMCA, inasema kuandika uongo kwa makusudi kwenye ripoti ya tathmini ya mazingira ni kosa la jinai, na hapo hakuna atakayekubali eti ni bosi alikutuma.

Kufutwa ni kitu kinauma na kodi haingoji, hilo silipuuzi. Lakini fikiria Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ubavuni mwa nyumba za watu, watoto wakaingiwa na risasi kwa damu, 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ikashuka hadi Mahakama ya Juu ikairudisha hiyo hukumu 2024, na taasisi za serikali zilizozembea zikabebeshwa sehemu ya lawama. Hizo fleti zako pia zitakuwa na mtoto anatambaa sakafuni ghorofa ya chini. Andika ukweli.

SWALI: Tuko Komarock, jirani amefungua gereji na kaawashi, sasa maji ya kisima cha ploti yetu yananuka dizeli. Keyateka anasema tuchemshe. Ni sawa? (Mama wa Watoto Wawili)

JIBU: Hapana mama, msichemshe na msinywe. Kuchemsha kunaua vijidudu, mafuta hakuyatoi, na ule mvuke unajaza jikoni. Hata kupikia na kuosha watoto yaacheni, chukueni maji kwingine leo. Kisha mtafute maabara iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la serikali linalothibitisha maabara, waombe chupa zao wenyewe, msitumie ya soda. Chupa ya kupima mvuke wa mafuta inajazwa hadi maji yafure mdomoni, ukiifunga na kuipindua usione hata povu moja, juu hewa ikibaki ndani mvuke unakimbilia huko na majibu yanatoka madogo kuliko ukweli. Weka kwa kibaridi chenye barafu, ifike siku hiyo hiyo. Barua ya malalamiko pelekeni NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mkiwa wapangaji wengi mtie sahihi wote. Na mjue Katiba kifungu cha 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kuhusu mazingira bila kwanza kuonyesha kuna mtu ameshaumia.

SWALI: Niko mwaka wa nne, naanza atachimenti wiki ijayo kwa kampuni ya ukaguzi wa mazingira. Nibebe nini saiti? (Kijana wa Kahawa West)

JIBU: Buti za chuma mbele, glavu nyingi, juu unabadilisha kila sampuli la sivyo unapeleka uchafu wa shimo moja kwa lingine, daftari la karatasi na kalamu ambayo haifutiki na maji. Andika saa, kina cha shimo, rangi ya udongo, harufu kama imekujia yenyewe, lakini usiweke udongo puani kunusa hata ukiona wakubwa wako wakifanya hivyo. Badala yake tia udongo kidogo kwa mfuko wa plastiki, funga, acha juani dakika chache, kisha ingiza ncha ya mashine ya kupima mvuke. Mifuko midogo ya kufunga beba mingi, huwa inaisha. Na jioni hizo buti na ovaroli viache ofisini au uvifunge kwa mfuko, usiingie navyo matatu na usivioshe pamoja na nguo za nyumbani, vumbi la risasi halionekani na linafika hadi kitandani kwa mdogo wako.