Mkopo wa Nyumba Upimwe kwa Mapato ya Mwaka

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Jumapili moja pamoja na mkewe, wamebeba barua ya benki kwenye bahasha ya kaki. Walikuwa wameidhinishiwa mkopo wa shilingi milioni 8 wa kununua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, walipe kwa miaka 20, riba asilimia 14.5, na riba yenyewe ni ile inayoweza kubadilika.

"Shangazi, kila mwezi ni 102,000 na kitu," akaniambia. "Tumepiga hesabu, tunaweza."

Nikamuuliza, "Nyinyi wawili kwa mwaka mnapata ngapi?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Benki ilitaka kujua mshahara wa mwezi, makato ya mwezi, kodi ya nyumba wanayolipa kwa mwezi. Tukazidisha pale pale mezani: kabla ya makato wanapata 210,000 kwa pamoja, mara 12, ni 2,520,000. Kumbe mkopo ule ni zaidi ya mara tatu ya jasho lao la mwaka mzima. Nikainuka nikaenda chumbani kuwaletea faili langu la mwaka 2011.

Faili hilo silionyeshi mtu ovyo. Mapema mwaka huo mimi na mume wangu tulinunua nyumba Athi River kwa shilingi milioni 6. Milioni 1 ilikuwa akiba yetu ya miaka saba, milioni 5 zikatoka benki, miaka 15, riba asilimia 14. Ushuru wa stempu, wakili na mthamini tuliwalipa kwa pesa tulizokopa kwa dada yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba gharama hizo huja juu ya amana. Malipo ya benki yalikuwa 66,600 kwa mwezi. Mimi nilikuwa afisa wa ununuzi, nikilipwa 78,000. Mume wangu alilipwa 62,000. Tukishakatwa kodi na makato mengine ya lazima tulikuwa tunafika nyumbani na kama 109,000, na benki ikishachukua chake tunabaki na 42,000 za chakula, nauli, karo na wazee wa pande zote mbili. Ilibana, lakini ilitosha.

Afisa wa mikopo alituambia tumepita vizuri, maana malipo hayakufika nusu ya mishahara yetu. Nikamuuliza kuhusu ile theluthi. Kila mfanyakazi Kenya anaijua: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara wako, yaani theluthi moja ibaki yako. Akanijibu kwamba hiyo inamfunga mwajiri anapokata kwenye mshahara. Benki ingechukua pesa zake kwenye akaunti kwa agizo la kudumu, mshahara ukishaingia. Wakati ule nilifurahia jibu hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda ile nyumba, nimeshajua meza itakaa wapi.

Kisha ikaja miezi ya mwisho ya 2011. Shilingi ilianguka hadi ikapita 100 kwa dola, mfumuko wa bei ukakaribia asilimia 20 mwezi wa Novemba, na Benki Kuu ikapandisha riba yake kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona: asilimia 7 Septemba, 11 Oktoba, 16.5 Novemba, 18 Desemba. Barua za benki yetu zikafuata. Mwanzoni mwa 2012 riba yetu ilikuwa asilimia 23. Malipo ya mwezi yakawa karibu 98,000, na kati ya zile 109,000 tulibaki na 11,000.

Hatukuwa tumepoteza kazi. Hakuna aliyeugua. Hatukuwa tumekopa kwingine kwa siri. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wakisikia fulani ameshindwa kulipa mkopo wa nyumba hudhani alipenda makubwa au alikunywa pesa. Kilichobadilika ni namba moja tu, na namba hiyo haikuwa mikononi mwetu.

Tulikwenda benki kuomba waongeze miaka ya kulipa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila anayetaka mkopo wa nyumba anapaswa kuoneshwa kabla hajatia sahihi. Deni letu lilikuwa bado milioni 4.9. Riba ya asilimia 23 juu ya milioni 4.9 ni kama 94,000 kwa mwezi, riba tupu, bila kugusa hata shilingi ya deni lenyewe. Kwa hiyo hata wangetuongezea hadi miaka 25, malipo yangepungua kwa shilingi ambazo hazifiki 4,000. Riba ikifika huko juu, kurefusha mkopo hakusaidii kitu. Kinachokuumiza ni ukubwa wa deni, na huo uliukubali siku ya kwanza, riba ikiwa chini na kila mtu akitabasamu.

Tuliihama nyumba yetu. Tukaipangisha kwa 30,000, sisi tukaenda kukaa chumba na sebule kwa 9,000. Mume wangu akauza gari. Kifungua mimba wetu tukamtoa shule aliyoizoea, akalia wiki nzima, na mpaka leo ni mtu mzima lakini nikikumbuka naumia. Riba ilipanda kwa miezi mitatu ikachukua zaidi ya mwaka kushuka. Mwishoni mwa 2013 tuliuza nyumba wenyewe, kabla haijafika mnadani, tukamaliza deni, na kilichobaki tukanunua ploti Joska. Huko ndiko tunakoishi sasa, nyumba tuliyoijenga chumba kimoja kimoja kwa mikopo ya Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo.

Ndiyo maana nimefika mahali pa kusema wazi: Benki Kuu iweke kikomo cha mkopo wa nyumba kwa kulinganisha na mapato ya mwaka ya mkopaji. Kikomo cha malipo ya mwezi hakitoshi. Malipo ya mwezi ni picha ya siku moja, yanapimwa kwa riba ya leo na kwa mshahara wa leo. Na mshahara nao hausimami. Tangu 2023 tumeona mshahara ukikatwa ada ya nyumba ya asilimia 1.5, kisha mwaka 2024 ikaja bima ya afya ya asilimia 2.75, huku mchango wa NSSF, ule mfuko wa pensheni, nao ukipanda. Mtu aliyekopa 2022 akiwa amebakiwa na theluthi yake kamili, leo theluthi ile imeliwa, ingawa hajakopa hata senti zaidi.

Wengine hunikumbusha kwamba tulishajaribu kuzifunga benki mikono na tukaumia. Ni kweli tulijaribu, lakini tulifunga kitu kingine. Sheria ya 2016 ilifunga bei ya mkopo: riba isizidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Benki zikawakwepa wakopaji wadogo, serikali ikawa mteja mtamu kuliko mama mboga, na Novemba 2019 sheria ile ikaondolewa. Kikomo ninachokizungumzia hakiigusi bei. Benki iuze mkopo wake kwa riba inayoona inafaa, ila isimpe mtu deni lisilolingana na kipato chake.

Tena wazo hili si geni kwetu. Ukiwa mwanachama wa Sacco unajua kwa kawaida huwezi kukopa zaidi ya mara tatu ya akiba yako, na hata hapo unatafuta wadhamini. Bibi asiyejua kusoma anaielewa kanuni hiyo. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba Sacco inamnyima uhuru.

Nje nako wamefanya hivyo baada ya kuungua. Ireland bei za nyumba zilianguka karibu nusu baada ya 2007, na mwaka 2015 Benki Kuu yao ikaweka kikomo cha mara 3.5 ya mapato ya mwaka. Mwaka 2023 wakakilegeza hadi mara 4 kwa wanaonunua nyumba ya kwanza. Uingereza mwaka 2014 waliamua kwamba mikopo mipya inayofika mara 4.5 ya mapato au zaidi isizidi asilimia 15 ya mikopo yote mipya. Napenda huo mlango mdogo walioacha, kwa sababu kuna daktari kijana au rubani ambaye kipato chake kitapanda bila shaka, na benki imfikirie yeye kama yeye.

Lakini tafadhali, mtu asichukue hizo namba za Ireland na Uingereza akazileta Nairobi zilivyo. Kule mkopo wa miaka 30, riba ikiwa asilimia 3, mara 4.5 ya mapato, unakula chini ya robo ya mshahara. Kwetu, kwa riba ya asilimia 14 na miaka 15, mara tatu tu ya mapato inakula karibu nusu. Nimekaa na kikokotoo jioni nyingi nikitafuta namba yetu. Ukitaka malipo yasizidi theluthi ya mshahara kabla ya makato, kwa riba hiyo ya 14 unaweza kukopa kama mara mbili ya mapato ya mwaka. Na riba ikiruka hadi 23 kama ilivyoturukia sisi, mkopo huo wa mara mbili utakula asilimia 48. Utalia, lakini utalala nyumbani kwako. Ukiwa umekopa mara tatu, utakula zaidi ya asilimia 70. Kipimo changu cha mara mbili kilitoka hapo.

Riba ikiwa haibadiliki, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Mikopo mingi inayopitia Kampuni ya Kufadhili Mikopo ya Nyumba, KMRC, hutolewa kwa riba ya chini ya asilimia 10 isiyobadilika. Kwa asilimia 9.5 na miaka 20, mara tatu ya mapato ndiyo theluthi ya mshahara. Kwa hiyo ningekuwa na sauti pale Benki Kuu ningeomba vikomo viwili: mara mbili kwa mkopo wenye riba inayoyumba, mara tatu kwa mkopo wenye riba iliyofungwa. Benki inayotaka kukopesha zaidi ifunge riba, ibebe nayo hatari kidogo. Na kikomo kihesabu madeni yote ya mtu, ya benki, ya Sacco na ya simu, la sivyo ataongezea kwingine kile alichonyimwa. Rekodi za mikopo zipo tayari, na mamlaka ya kusimamia Sacco ipo.

Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, hakubaliani nami na ana hoja nzito. "Dada, mimi napata 80,000," huniambia. "Mara mbili ya mwaka wangu haifiki milioni 2. Nionyeshe nyumba ya milioni 2 Nairobi." Sina ya kumwonyesha. Mwishoni mwa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, na wastani wa mkopo mmoja ulizidi shilingi milioni 9. Kwa kipimo changu, mkopo kama huo unamhitaji mtu anayepata zaidi ya 375,000 kwa mwezi. Kikomo hakitamjengea mdogo wangu nyumba, na atakayesema kitafanya hivyo anamdanganya. Ila mkopo wa mara nne nao haumpi nyumba, unampa funguo za kushika mpaka riba ipande tena. Na itapanda: kati ya Mei 2022 na Februari 2024 Benki Kuu ilitoka asilimia 7 ikafika 13.

Kuna jambo jingine ambalo yeye hulipuuza. Bei ya nyumba hufuata mkopo. Mwenye kuuza akijua mfanyakazi wa kawaida anaweza kupewa milioni 8, atauza kwa milioni 8 na ushei. Ndiyo maana siamini kwamba kila mtu aachwe ajipimie mwenyewe. Nikijizuia mimi peke yangu, jirani yangu atakopa zaidi na bei itamfuata yeye. Benki moja nayo ikijizuia, mteja anavuka barabara. Kipimo kikiwekwa na mdhibiti kinawashika wote siku moja.

Mpaka Benki Kuu itakapoamua, jiwekee kikomo mwenyewe. Mwombe afisa wa mikopo akuandikie kwenye karatasi malipo yatakuwa shilingi ngapi riba ikipanda kwa asilimia 5, na kwa asilimia 9. Akikataa, ondoka. Usihesabu marupurupu, wala mapato ya biashara ya pembeni ambayo haijamaliza miaka mitatu. Kama mnakopa wawili, jaribuni kwanza miezi sita kuishi kama ambao mmeshaanza kulipa, pesa hizo zikienda kwenye akiba. Mtajua mengi kuhusu ndoa yenu na kuhusu mkopo.

Yule kijana wetu na mkewe waliondoka siku ile bila kunywa chai ya pili, na nilidhani wamenikasirikia. Wiki iliyopita mkewe akanipigia simu. Muda wa kuikubali ile barua ya milioni 8 umepita, hawakutia sahihi. Wamepata nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Wana milioni 1.2 za amana, wamepanga kukopa milioni 5, na wamemwambia mwenye nyumba 6.2 ndiyo bei yao. Anang'ang'ania 6.5. Wamemjibu watasubiri.