Ushanga wa 60, filimbi ya tatu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukikatizwa katikati ya sala unaendelea, unaanza upya au unaacha?", limenichekesha, kwa sababu kwangu haupiti mwezi bila kujiuliza. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Dar es Salaam, naishi ghorofani Kisutu, karibu na mahekalu yetu. Kila alfajiri nafanya japa, yaani kurudiarudia jina la Mungu: nataja Om Namah Shivaya, maneno ya kumsujudia Shiva, huku nikihesabu mala, tasbihi yetu ya shanga 108. Upo na mmoja wa ziada, meru, ambao hauvukwi. Ukiufikia, unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Kidole cha shahada hakigusi shanga.

Bibi yangu, tuliyemwita Ba, alikuwa na sheria moja: ukifungua mdomo kwa neno jingine, anza upya. Niliishika mpaka nilipopata watoto. Hapo sikufika tena hata ushanga wa 40. Mmoja anatafuta soksi, jirani anagonga kuomba kitunguu, na jikoni dengu ziko kwenye presha kuka, nami nazihesabu filimbi zake. Siku moja nilikuwa ushanga wa 60, filimbi ya tatu, hesabu zikaingiliana, nikaanza upya kwa utii. Dengu ziliungua mpaka ngazi nzima ikanuka.

Mama mkwe aliyekuja kufungua madirisha ndiye aliyenipa dawa. Malizia jina lililo mdomoni, bana ushanga ulipofikia, jibu, kisha endelea hapohapo. Na mgeni akibisha, kafungue. Taittiriya Upanishad, moja ya maandiko yetu ya kale, inaagiza mgeni awe mungu kwako. Utamwitaje Mungu huku umemwacha mlangoni?

Simu sina huruma nayo, inalala sebuleni. Niliwahi kufuatisha nyimbo za ibada humo, na katikati ya jina la Shiva likaingia tangazo la mikopo ya haraka. Basi.

Kelele za mtaa, honi za bajaji na vikombe vya muuza kahawa, sizihesabu kabisa. Adhana ndiyo saa yangu ya kuamkia. Kelele zikizidi nabadilisha sauti tu. Japa ina namna tatu: ya kutamka, ya kunong'ona midomo ikicheza, na ya moyoni. Wazee huiweka ya moyoni juu kuliko zote, lakini siku ya makelele mimi hiyo inanitoroka: shanga zinapita, nami niko sokoni Kariakoo napatana bei ya nyanya. Nikirudi kunong'ona, natulia. Sioni aibu kushuka daraja.

Maana msumbufu mkubwa yumo ndani. Katika sura ya sita ya Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, shujaa Arjuna analalamika kwamba kuizuia akili ni kama kuuzuia upepo. Krishna, Mungu anayemfundisha, habishi, anakiri ni kazi ngumu, kisha anamtajia mazoezi na kutojifunga na vitu. Kabla ya hapo alikwisha kusema kwamba popote akili inapokimbilia, irudishwe. Hakusema ichapwe.

Nikimaliza, nasoma ombi letu la msamaha, la herufi zilizoanguka na maneno yaliyopungua. Wazee waliolitunga walijua tutakosea. Mimi huongeza kimoyomoyo: na filimbi nilizozihesabu kama shanga.