Wengine Wakishusha Kamera, Wewe Usishushe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia: "Yaya (yaani mkubwa wangu), nimepata kamera ya Canon ya mtumba. Watu wananiambia nianze na harusi kwa sababu ndiko kwenye pesa. Wewe ulianzia wapi?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini swali lake halikuniacha. Najua mko wengi wenye hamu hiyo: mchana mna kazi nyingine, usiku mnachagua picha badala ya kulala, na mnataka siku moja mtu asimame mbele ya picha yenu na asiondoke upesi. Basi ninawaandikia nyote.

Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Katuba, Lubumbashi. Kamera yangu ni Canon 600D, aina iliyotoka 2011, na lenzi ninayoipenda ni ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Nayasema mapema ili maswali ya vifaa tuyamalize hapo. Kilichonipa picha zangu nzuri ni tabia moja: wenzangu wakishusha kamera, mimi naendelea kutazama.

Tabia hiyo niliipata kwenye mpira. Kuingia uwanja wa TP Mazembe, klabu kubwa ya mji wetu, pale Kamalondo na kamera shingoni si jambo la kila mtu, kwa hiyo nilianza na timu za watoto kwenye viwanja vya vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hainyeshi kwetu, na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Lenzi ibadilishwe nyumbani, si uwanjani. Jua la saa kumi alasiri ni zuri sana, ila katika miezi hiyo linazama karibu na saa kumi na mbili na giza halichelewi. Mwanga ukitosha, tumia kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Ukipungua, usiende chini ya 1/500. Afadhali upandishe ISO, yaani uwezo wa kamera kuhisi mwanga, uvumilie chengachenga kwenye picha. Kaa chini kabisa, pembeni ya goli.

Mambo hayo utayasikia kwa yeyote. Sasa sikia langu. Mwulize mtu wa Lubumbashi anakumbuka nini kuhusu 2010, mwaka ambao Mazembe waliwapiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi wakaingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Mabao yalifungwa na Kabangu na Kaluyituka, na yalikuwa mabao mazuri. Lakini kitakachomtoka kwanza mdomoni ni Kidiaba, kipa, akirukaruka kwa makalio juu ya nyasi. Picha ambayo mji wote unaibeba kichwani ilitokea baada ya bao, wakati mpira ulikuwa umeshalala wavuni.

Tangu nilipolitambua hilo, uwanja ulibadilika machoni pangu. Bao likiingia, wapiga picha huinamisha vichwa kuangalia kioo cha kamera kama wamelipata. Ndipo mfungaji anapomkimbilia kaka yake aliyemuazima viatu. Ndipo kipa wa upande wa pili anapoanza kumkemea beki huku machozi yanamlenga. Wao wanatazama kioo, mimi natazama watoto. Kioo kitazame nyumbani.

Baada ya mpira nilihamia kwenye Exetat. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa: matokeo ya huo mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yakitoka, simu zinalia, kelele zinapanda, na kila aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani hadi nyusi hazionekani. Hapo ndipo wapya wengi wanapokata tamaa, kwa sababu picha zinatoka na nyuso nyeusi zisizo na macho wala tabasamu. Sababu yake ni hii: kipima mwanga cha kamera hukichukulia kila kinachokiona kuwa cha rangi ya kijivu ya wastani. Kikiona weupe mwingi, kinapunguza mwanga ili weupe ule uwe kijivu, na ngozi yetu inazama gizani. Tafuta sehemu yenye alama ya kujumlisha na kutoa, pandisha hadi +1. Poda itabaki nyeupe na uso utarudi.

Na tena, subiri. Kila mtu anampiga picha kijana akinyoosha vidole viwili juu. Mimi husubiri mama yake afike. Nina picha ya mama muuza nyanya aliyetoka mbio Soko la Kenya na aproni yake kiunoni. Alimshika mwanawe masikio yote mawili, akamtazama kama anayehakikisha kuwa ni yeye. Poda imemshika mama hadi viwikoni. Mkurugenzi wa shule ya yule kijana aliomba nakala, akaiweka ofisini, na kila mwaka wazazi wapya huuliza ni nani aliyeipiga. Najivunia picha hiyo, nasema wazi.

Sasa harusi, maana najua ndizo mnazozisubiri. Upande wa mwanga, bibi arusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya shela jeupe ni jambo lile lile la poda: pima mwanga shavuni, usiupime kwenye gauni. Wazee wetu wana albamu ambamo gauni linang'aa na uso haupo, na wakalaumiwa wapiga picha wa mitaani. Lawama haikuwa yao peke yao. Kwa miaka mingi Kodak walipatanisha rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu. Leo tuna vifaa vya kusahihisha. Mwenye kamera ya kisasa anayemtoa bibi arusi bila uso hana kisingizio.

Lakini harusi ndizo zilizoniumiza. Niliitwa na familia ya rafiki kwenye siku ya mahari, bila malipo, kama ndugu. Studio iliyolipwa ilikuja na taa zake, na kijana wao mmoja akasema kwa sauti, "Ule wa bure asimame nyuma." Nikasimama nyuma. Bahasha ikatolewa, mbuzi wakahesabiwa, watu wa studio wakapiga picha yote. Chakula kilipoletwa wakakaa kula. Wakati huo huo shangazi wa bibi arusi, mama mzee wa Kasenga, akavua viatu, akafunga kitenge juu ya nguo yake ya sherehe na kuingia katikati kucheza. Bibi arusi akamfuata, kisha mama mkwe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na kamera mkononi saa ile.

Familia niliwapa picha zote. Baadaye nikapita mbele ya ile studio, nikaiona picha yangu ya yule shangazi akicheza, imetundikwa mlangoni, kubwa, na muhuri wao chini. Niliingia nikauliza. Wakanijibu kwamba picha haina jina, kwa hiyo ni ya aliyeitundika. Waliitundika hadi jua lilipoipausha. Bado inaniuma, na sina sababu ya kujifanya haiumi.

Kwa hiyo nisikilizeni, wadogo zangu, maana hapa sina mzaha. Nchi yetu ina sheria ya haki za mtunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na picha ni kazi ya mtunzi kama wimbo ulivyo. Kamera nyingi za Canon zina sehemu kwenye menyu ya kuandika jina lako, nalo huingia ndani ya kila faili. Liandike leo. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi za kamera, na faili hizo usimpe mtu: ukidaiwa uthibitisho, wewe ndiye utakayekuwa nazo. Kazi ya bure haifanyi picha yako kuwa ya yeyote apitaye. Na ninyi mnaochukua picha za wenzenu, mnamnyang'anya mtu Jumamosi zake zote.

Majengo na viwanda nimevigusa kidogo. Terili, kile kilima cha mabaki ya madini cha kampuni ya Gécamines, na dohani yake ni uso wa mji huu, lakini ukielekeza kamera huko bila kibali utajikuta unajieleza kwa walinzi. Huwa napiga kwa mbali, nikiwa nimeegemeza kamera ukutani, dakika chache baada ya jua kuzama. Anayetaka kuona picha za viwanda zinavyoweza kusema, atafute kazi za Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa hapa, 1978. Aliwachukua wafanyakazi wa picha za zamani za Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyoachwa leo. Yeye pia alitazama kilichobaki baada ya kelele kuisha.

La mwisho ni matanga, na huko usiende na tamaa. Mwombe ruhusa mkubwa wa familia, zima flashi, vaa kama wengine. Nguo nyeusi zitaidanganya kamera kinyume cha poda: itaongeza mwanga kupita kiasi, basi shusha hadi -1. Makaburini nafanya machache tu. Nasubiri turudi nyumbani, watu wanawe mikono mlangoni, sufuria za bukari (ugali) zishuke, na wajomba ambao hawajaonana miaka mingi waanze kubishana nani alikuwa kipenzi cha marehemu. Picha hizo ndizo familia huniomba hata mwaka ukipita. Silipishi. Zichapishe kwenye karatasi, za sentimita 13 kwa 18, maana simu huibiwa na kadi huharibika, kisha mkabidhi mkubwa wa familia mbele ya watu, jina lako likiwa limeandikwa nyuma ya kila moja.