Serikali ikidhulumu tunaweza kuing'oa?

SWALI: Mhariri shikamoo, niko Langoni Lamu, barazani tunabishana ati Wamarekani 1776 waliandika serikali ikidhulumu wananchi wana haki kuiondoa, na sisi Kenya je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waliandika kweli katika Azimio lao la Uhuru, walipojitenga na mfalme wa Uingereza, ati watu wote wameumbwa sawa na haki zao zatoka kwa Muumba si kwa mfalme, ingawa Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio hilo, alikuwa na watumwa, we acha tu! Kwetu katiba ya 2010 kifungu cha 1 yasema mamlaka yote ni ya wananchi, ila cha 3 kinaharamisha kuunda serikali nje ya katiba, kwa hiyo njia ni kura, maandamano ya amani bila silaha (kifungu cha 37), na katiba yawapa haki ya kumrudisha mbunge wenu nyumbani kabla ya muhula kwisha, soma cha 104.