Nina miaka 37 na ni karani wa mikopo, naweza kuwa testa wa programu?

SWALI: Dada shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mi ni karani wa mikopo kwenye SACCOS ya walimu huku Morogoro, huu mwaka wa 9, nina diploma ya uhasibu na watoto wawili. Mwanzoni mwa 2025 tuliletewa mfumo mpya tukaachana na mambo ya eksel, sasa mwezi wa tatu akaja mwalimu mmoja ofisini analia, amekatwa rejesho mara mbili kwenye mshahara mmoja na ada ya mtoto hajalipa. Ofisini wakasema si mwezi wa pili hakukatwa, basi ngoma droo. Mi roho haikutulia, nikabaki nikafungua mikopo ya januari mmoja mmoja mpaka saa mbili usiku, nikakuta wote waliokatwa mara mbili walichukua mkopo tarehe 29, 30 na 31, waliochukua tarehe 28 kurudi nyuma wako sawa. Nikawapigia waliotuuzia mfumo, kijana akanambia mfumo hauna shida ni sisi hatujui kuutumia, nikamtumia ile orodha. Kesho yake akapiga mwenyewe, akasema dada wewe ulitakiwa uwe testa, yaani mtu wa kujaribu programu na kutafuta makosa yake. Toka siku hiyo hilo neno halinitoki kichwani. Nimeona tangazo wanafundisha wiki 6 kwa laki nane na wanasema kazi uhakika, hiyo hela ninayo kwenye akiba. Mume wangu hajakataa ila anauliza, utaenda kuanza moja na watoto wa miaka 22? Sijawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Niache kazi nikasome au nimeshachelewa?
Karani, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, nimekuzidi miaka 6. Nianze na hela kabla hujaitoa: hiyo laki nane iache hapo hapo ilipo, na kazi usiache. Hakuna mwalimu wa wiki 6 anayeweza kukuahidi kazi ambayo yeye siyo anayeitoa, anayekwambia kazi ni uhakika muulize mwajiri nani, mkataba uko wapi, utaona anavyobadilisha mada.

Sasa turudi kwenye ule usiku wako maana mi nimeusoma mara tatu. Unajua ulichofanya? Kulikuwa na kundi lenye shida na kundi lisilo na shida, ukatafuta kinachowatenganisha, ukaukuta mpaka upo kati ya tarehe 28 na 29. Hiyo ndo kazi yenyewe, yaani watu wanaisoma darasani. Na nikwambie kilichotokea ndani ya mfumo: mwandishi wa programu aliiambia mashine chukua tarehe ya mkopo uongeze mwezi mmoja. Mkopo wa 31 januari ukawa 31 februari, siku ambayo haipo duniani, mashine haikusema haipo, ikahesabu siku zilizozidi baada ya 28 ikaangukia tarehe 3 machi. Wa tarehe 30 akaenda tarehe 2, wa 29 akaenda tarehe 1. Kwahiyo februari hakuna rejesho, halafu machi yamekaa mawili, na mwalimu wa watu analia ofisini kwenu. Ingekuwa mwaka wenye februari ya siku 29 kama 2024, wa tarehe 29 angepona, na ndo maana kosa kama hili linaweza kukaa kimya mtu asilione.

Hujui kuandika programu lakini kosa la programu umelishika mkia. Usiniambie tena umechelewa.

Kilichokupungukia ni kuliandika. Ile simu ya kwanza kijana alikujibu vile kwa sababu nahisi ulimwambia "mfumo unakata watu mara mbili", na developa, yaani mwandishi wa programu, akisikia hivyo anajitetea, siyo ubaya wake, hana pa kushika. Ungemwandikia hivi: Nimefungua mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, tarehe ya kutoa nimeweka 31/01/2025, nimebonyeza kutengeneza ratiba ya marejesho. Nilitarajia rejesho la kwanza 28/02/2025. Mfumo umeandika 03/03/2025, na la pili 31/03/2025. Nimerudia kwa tarehe 29 na 30, imetokea hivyo hivyo, kwa tarehe 28 haitokei. Picha ya skrini hii hapa. Basi. Nimefanya nini, nilitarajia nini, nimepata nini, linajirudia au halijirudii. Mtu anayesoma anaweza kukaa kwenye kiti chake akaliona kosa kwa macho yake bila kukupigia. Mimi nimefanya kazi na testa wenye digrii za kompyuta wanaoshindwa kuandika hizo sentensi tano, na ripoti zao zinarudi kila siku "haijaeleweka".

Mi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 11. Nilivyoanza kuomba kazi hizi nilikuwa naandika "naomba nafasi yoyote, niko tayari kufundishwa", na sikuwa naitwa popote. Halafu kuna sehemu moja wakaniita, wakanipa laptopu wakafungua ukurasa wa kujisajili wakasema una dakika 20, tuonyeshe makosa. Moyo unanienda mbio, sijui nianzie wapi, nikakumbuka rejesta yangu ya darasani, watoto wa Kisukuma wenye majina yanayoanza na Ng', nikaandika jina na ile alama yake juu. Ukurasa ukagoma, "jina si sahihi". Nikaweka mtu mwenye jina moja tu, ukagoma. Nikaweka namba ya simu inayoanza na 0 halafu nikaweka ile ile kwa +255, ukanisajili mara mbili kama watu wawili tofauti. Wakanichukua. Siyo kwamba nilijua kompyuta kuliko wenzangu waliokuwa wanasubiri nje, nilijua watu wanaitwaje.

Na wewe unajua mkopo. Unajua mtu akilipa nusu rejesho inakuwaje, akistaafu katikati, akifariki, mdhamini akijitoa, akiomba top-up, yaani kuongezewa mkopo kabla hajamaliza wa kwanza. Kijana wa miaka 22 hayo hayajui na hakuna kozi ya wiki 6 itakayomfundisha. Kwahiyo usiende kuomba kazi ya kutesti magemu, nenda kwa wanaotengeneza mifumo ya SACCOS, ya benki, ya mikopo ya simu, na wa kwanza kabisa ni hao hao waliowauzia ninyi. Yule kijana aliyekupigia mwandikie wiki hii, mwambie toleo jipya likitoka naomba nilijaribu kabla halijaja kwa wanachama. Bosi wako naye mwombe barua ikutambue kama msimamizi wa majaribio ya mfumo ofisini. Miezi 6 ya namna hiyo kwenye CV inasomeka vizuri kuliko cheti changu cha kwanza kilivyosomeka.

Cheti cha utesta nacho kipo, kinaitwa ISTQB, kinatambulika kimataifa, wewe chukua kile cha mwanzo kabisa. Mtihani una maswali 40, dakika 60, unatakiwa upate 26 ili ufaulu, na sisi ambao lugha ya mtihani siyo lugha yetu tunaongezewa tunapata dakika 75. Mtaala wake wenyewe wanaugawa bure kwenye tovuti yao, ushushe, usome kurasa chache kila siku watoto wakilala. Humo utakutana na mambo ya mipaka: kama mkopo wenu unaanzia 50,000 mpaka 5,000,000, hujaribu laki mbili laki tatu, unajaribu 49,999 na 50,000, halafu 5,000,000 na 5,000,001. Utacheka maana umeshayafanya na tarehe.

Baada ya hapo jifunze SQL kidogo, lugha ya kuiuliza kompyuta data iliyohifadhi, ile ya kuuliza tu, kwa mtu aliyezoea eksel haikuchoshi, na itakusaidia kuona kama kilichoandikwa kwenye skrini ndo kilichohifadhiwa kule chini. Kuandika programu kutakuja baadaye, na kutakuja kweli sikufichi, kwenye matangazo mengi ya kazi utaona wanataka mtu anayeweza kuiachia mashine ijijaribu yenyewe, programu za kazi hiyo Selenium na Playwright ndo wanazozitaja sana na zote ni za bure. Ila ukianza na hizo sasahivi utakata tamaa mwezi wa pili, anza na unachokijua.

Mumeo ana haki ya kuuliza, mjibu kwa hesabu. Mi nilivyohama mshahara ulishuka, na tulibana matumizi mwaka mzima na zaidi nyumbani kwangu, watoto wakawa wanajua kabisa mama ameanza kazi upya. Kaeni chini mpige hesabu ya miezi 12 ya mshahara mdogo kuliko wa sasa, kama haiwezekani basi endelea kubaki hapo hapo ofisini ukitesti usiku mpaka iwezekane, hakuna anayekukimbiza. Na kuanza na watoto wa miaka 22 ndiyo, utakaa nao meza moja, kazini kwangu mmoja wao alinifundisha SQL na mi nikamfundisha kuandika barua ya kiofisi.

Ukiandika tena nitumie ile ripoti ya tarehe 31 ulivyoiandika upya kwa mkono wako, nitakusahihishia, hilo nalijua vizuri. Na uniambie yule mwalimu, ada ya mtoto alikuja kuilipa?