Muuguzi wa jeshi anafanya nini hasa akipelekwa eneo la vita

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayemaliza diploma ya uuguzi akijiunga na JWTZ atapelekwa vitani, na huko atakuwa anafanya nini. Mimi ni muuguzi, nimetumika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), upande wa mji wa Beni, kikosi chetu kikiwa chini ya MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa (UN). Nakujibu kwa niliyoyaona.

Hatari ipo, msimfiche mama. Desemba 7, 2017 kambi yetu ya Semuliki ilishambuliwa na watu wanaoaminika kuwa waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Wenzetu wasiopungua 14 waliuawa, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Nilifika Beni baada ya hapo, na tukio lile lilikuwa ndani ya kila zoezi letu: machela inabebwa na nani, gari linasubiri wapi, helikopta ikishindwa kuruka tunafanyaje.

Zahanati ya kikosi, daraja la kwanza kwa mpangilio wa UN, inatakiwa iweze kuhudumia wagonjwa wa nje 20 kwa siku na kulaza 5, tena kwa siku zisizozidi mbili. Upasuaji mkubwa haufanyiki pale. Hesabu ya UN ni hii: ndani ya dakika 10 damu iwe imezuiwa na majeruhi anapumua, ndani ya saa 1 apate timu ya dharura, ndani ya saa 2 afike kwa daktari wa upasuaji. Chuoni tulifundishwa kuanza na njia ya hewa. Kwa aliyekatwa mguu na mlipuko, unaanza na damu. Mkanda wa kuzuia damu unafungwa kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye jeraha lenyewe, na kukazwa mpaka damu isimame, hata akipiga kelele, na saa uliyoufunga inaandikwa. Kisha pumzi, kifua, halafu blanketi. Wengi hulisahau blanketi, ilhali aliyevuja damu nyingi akipata baridi, damu yake haigandi vizuri.

Sasa jiulize, ndani ya zile dakika 10 muuguzi yuko wapi? Mara nyingi hayupo. Aliye karibu ni askari mwenzake. Ndiyo maana kazi niliyoithamini kuliko zote ni kuwafundisha wapiganaji kufunga ule mkanda gizani, kwa mkono mmoja, mpaka wachoke na mimi.

Siku nyingine ni malaria, kuhara, miguu iliyooza kwa buti zenye maji. Halafu Agosti 1, 2018 Ebola ikatangazwa Mangina, jirani kabisa na Beni, na haikuisha mpaka Juni 2020, ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200. Homa ikabadilika maana. Askari anakuja anatetemeka, najua karibu hakika ni malaria, lakini lazima nimtenge kwanza, nivae vazi la kinga, nimwambie rafiki zake warudi. Yule kijana ndani ya hema anakuangalia macho tu. Hapo ndipo uuguzi unapotakiwa: nilikuwa nakaa nje ya kamba ya eneo la kutengwa na kuzungumza naye mpaka majibu yaje.

Kama bado anataka, asikimbilie usaili. Kwanza aombe nafasi idara ya dharura kwenye hospitali yenye ajali nyingi za bodaboda, azoee kupata mshipa kwa mgonjwa aliyeishiwa damu. Na aanze kukimbia asubuhi, maana kozi ya awali haimuulizi mtu cheti chake.